Herufi za Kikaria: Kutoka Jiweni hadi Tarakilishini

Msomaji wa maandishi ya kale huuliza: alama hii yasomekaje? Anayeitia alama hiyo katika tarakilishi hana budi kuuliza kwanza: alama hii ni ipi? Tofauti ya maswali haya mawili yadhihirika katika historia ya Kikaria, lugha iliyosemwa zamani kusini-magharibi mwa Anatolia, katika Uturuki ya leo.

Maandishi mengi ya Kikaria yamepatikana Misri, ambako Wakaria walitumika kama askari wa kukodiwa wa Mafirauni tangu karne ya 7 K.K. Kwa kuwa herufi zao kadhaa zafanana na za Kiyunani, wasomaji wa awali walizipa sauti za Kiyunani, na usomaji wao haukufua dafu. Kuanzia mwaka 1981, John Ray aliyalinganisha majina ya watu yaliyochongwa kwa Kikaria na kwa Kimisri, akaonyesha kwamba kufanana kwa umbo si ithibati ya kufanana kwa sauti. Jiwe la Kikaria na Kiyunani lililogunduliwa Kaunos mwaka 1996 likauthibitisha msingi wa usomaji huo.

Katika tarakilishi, hata hivyo, herufi hizi zilikuwa wageni. Fonti zake ziliazima nafasi za herufi za Kilatini. Fonti ikikosekana, maandishi yaligeuka mparaganyo. Aprili 2008, toleo la 5.1 la Unicode lilizipa alama 49 za Kikaria nambari zake zenyewe, pamoja na alama 29 za Kilisia na 27 za Kilidia.

Majina ya herufi nyingi yalitokana na sauti zake. Lakini kwa kanuni ya Unicode, jina likishatolewa halibadilishwi, hata utafiti ukilikanusha. Ndiyo maana herufi kama C-18 na C-39 ziliingizwa kwa namba za orodha ya wataalamu, bila kudaiwa sauti yoyote.

Somo hili latuhusu. Katika miswada ya kale ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, herufi ba yaweza kusomwa b, p au mb. Anayeunukuu mswada moja kwa moja kwa hati za Kilatini huhifadhi usomaji wake na kuipoteza herufi ya mwandishi. Basi na tuinakili kwanza herufi iliyoandikwa, kisha tuuweke usomaji wetu kando yake, ili watakaotufuata wapate pa kutusahihishia.