Mkalimani wa Torati

Katika kitabu cha Nehemia, mlango wa 8, twasoma ya kuwa Ezra mwandishi alisimama juu ya mimbari ya mti mbele ya Lango la Maji, akasoma torati tangu asubuhi hata adhuhuri. Walimu wengi hukoma hapo, wakasifu subira ya wasikilizaji. Walakini wametajwa pia watu 13 kwa majina, pamoja na Walawi, ambao kazi yao ilikuwa kuwafahamisha watu maana ya yale yaliyosomwa. Sababu yake yajulikana: Wayahudi walikuwa wamerudi kutoka Babeli, na wengi walikwisha kuzoea Kiaramu.

Wayahudi wa baadaye waliihesabu siku ile kuwa mwanzo wa Targumi, yaani tafsiri ya Kiaramu. (Neno hilo ni ndugu wa neno letu tarjumi, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu.) Katika masinagogi alikuwapo msomaji, na kando yake mkalimani. Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, yaamuru torati isomwe aya moja tu, ndipo mkalimani aseme. Katika manabii, zisizidi aya tatu. Nayo Talmudi yamkataza mkalimani asipaze sauti kumpita msomaji. Sharia hizi zaonekana ndogo, lakini waliozitunga walijua kadiri ya mzigo ambao mkalimani aweza kuuchukua asiumwage njiani.

Sisi tuliofundisha Tarime, kati ya Wakuria na Wajaluo, tumeumwaga mara nyingi. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, kama ilivyokubaliwa Mombasa mwaka 1928, na Unguja ni mbali na milima yetu. Kikuria hakina L, basi wanafunzi wetu husema R mahali pake, nasi tulitumia saa nyingi kuwasahihisha. Katika Waamuzi, mlango wa 12, watu 42,000 wa Efraimu waliangamia, na waliokamatwa vivukoni walitambuliwa kwa kushindwa kutamka neno moja, Shibolethi. Labda nasi tulikuwa walinzi wa kivuko, tukichunguza ulimi na kuiacha maana ipite.

Twamkumbuka mama mmoja mzee aliyeletwa kuulizwa kabla ya ubatizo. Alijibu maswali yote kwa Kiswahili bila kukosa hata moja. Kisha mzee wa kanisa akamwuliza kwa Kikuria, neema ni nini? Akajibu kwa furaha kwamba ni binti wa jirani yake, ameolewa mwaka ule. Watu walicheka, sisi tuliomfundisha miezi mingi hatukuweza kucheka.

Tangu hapo tulisoma aya moja, tukanyamaza, mkalimani akasema. Ibada zikawa ndefu, na vijana wakanung'unika. Yule mama alibatizwa mwaka uliofuata, baada ya kutuuliza maswali ambayo mawili kati yake hatukuweza kuyajibu.