Pori Tengefu: Jina Lilelile, Sheria Nyingine

Kanuni inayotangazwa tena na tena kwa jina moja huzoeleka, na kilichozoeleka hakisomwi kwa makini. Sisi tuishio Michenga, katika Bonde la Kilombero, tunao mfano ulio karibu nasi mno: Pori Tengefu la Kilombero. Nimezipanga sheria zake mwaka kwa mwaka, tuone kilichobadilika na kilichobaki.

Pori hilo lilitangazwa mwaka 1952, enzi ya utawala wa Mwingereza, kwa mujibu wa sheria ya wanyama ya 1951. Katika Kiingereza cha sheria ile, kilichodhibitiwa ni uwindaji, wala si ardhi. Aliyetaka kuwinda nyati au sheshe alihitaji kibali. Aliyelima mpunga au kuchunga ng'ombe hakuwa na kosa kwa kuwamo humo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974 ilichukua nafasi ya ile ya mkoloni, lakini kwa mkulima na mfugaji wa pori tengefu msingi ulibaki uleule.

Hapa lugha yetu inatuachia fumbo. "Tengefu" limezaliwa na kitenzi "tenga". Anayesikia "pori tengefu" huelewa kwamba ardhi imewekwa kando, watu wasiiguse. Kumbe sheria ilizuia uwindaji holela tu. Jina la Kiswahili lilibeba zaidi ya ilivyoamriwa.

Mwaka 2009 sheria ikalifikia jina. Sheria Na. 5 ya mwaka huo ilipiga marufuku kilimo, na malisho bila kibali, katika mapori tengefu. Papo hapo ilimtaka Waziri aipitie orodha ya mapori hayo ndani ya miezi 12, na ahakikishe kuwa ardhi ya vijiji haijumuishwi. Jina halikubadilika hata herufi moja. Lakini mwenye dungu lake katikati ya mpunga, iwapo mpaka ulimpita nyuma, alilala mkulima akaamka mkosaji. Kuanzia mwishoni mwa 2012 wafugaji na mifugo yao waliondolewa bondeni kwa nguvu.

Uhifadhi una hoja zake. Mwaka 2002 bonde hili liliorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, na Mto Kilombero huupa Rufiji sehemu kubwa ya maji yake. Mwaka 2023 jina nalo likabadilika: likatangazwa Pori la Akiba Kilombero. Wahenga walisema akiba haiozi. Mwanakijiji ana haki ya kuuliza ni akiba ya nani, na mpaka wake unapita wapi.

Sheria za 1974 na 2009 ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilitamkwa kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Kwa miaka mingi, basi, wengi wetu tuliijua sheria kwa jina lake tu. Kwa hiyo, msomaji, tangazo likibandikwa upya kwenye ofisi ya kijiji, usiishie kwenye kichwa chake. Tafuta vitenzi: nani amekatazwa, kufanya nini, wapi, na tangu lini. Kisha lilinganishe na lile la mwaka uliopita.