Macho Mekundu ya Mama Mkubwa

Simu kutoka Geita ilimkuta mama mkubwa jikoni, anapuliza moto. Ilikuwa mwaka 2014. Aliyepiga ni binti yake wa pili, mama wa watoto watatu, aliyeolewa huko na kuuza chakula karibu na machimbo ya dhahabu. Alikuwa akitokwa na damu kwa miezi mingi. Sauti ilisikika hadi nilipokaa: "Mayu, wamesema ni kansa. Ya shingo ya kizazi."

Mama mkubwa alinyamaza. Kisha akauliza, "Wamekuandikia kwenye karatasi?"

Nilidhani anauliza cheti cha dawa. Nilikuwa nimetoka chuo, nikaona swali lile ni la mtu asiyejua uzito wa habari aliyopewa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba katika jiko lile asiyejua nilikuwa mimi.

Tuanze na moto wenyewe. Mama mkubwa anaishi Kishapu, si mbali na Mwadui. Amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba sehemu kubwa ya maisha yake, kwa sababu kuni ni za shida. Hazikuwa za shida tangu zamani. Katika miaka ya 1920, serikali ya Waingereza ilianza vita dhidi ya mbung'o Usukumani. Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o na kuweka makao yake Shinyanga, aliamini kwamba ukifyeka vichaka mdudu atakosa pa kujificha. Watemi wakaita watu, watu wakafyeka. Baadaye pamba ikataka mashamba, mifugo ikataka malisho, na nchi ikabaki wazi hadi wengine wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 ulipoanzishwa mradi wa HASHI wa kurudisha miti kwa njia ya ngitili, vizazi viwili vya wanawake vilikuwa vimeshazeeka juu ya moshi wa kinyesi.

Moshi ule huyafanya macho kuwa mekundu. Na Shinyanga, macho mekundu ya mwanamke mzee yamewahi kuwa hukumu ya kifo.

Habari hii tumeisikia sana, mpaka wengi wetu tunaipita kama habari ya hali ya hewa. Lakini tazama jinsi ilivyokuwa ikianza. Mara nyingi haikuanza na bibi. Ilianza na ugonjwa wa mtu mwingine: kijana anakonda bila sababu, mwanamke anatokwa na damu, mtu mzima ana uvimbe usiopona. Hospitali iko mbali, au imetoa dawa isiyosaidia. Ndugu wanakwenda kwa mganga, mganga anapiga ramli, na ramli haitaji virusi wala seli. Inataja mtu. Mara nyingi ni mwanamke, mzee, mjane, anayeishi karibu, na pengine mwenye kipande cha shamba ambacho mtu anakitamani. Baada ya hapo wanalipwa wakata mapanga.

Saratani inafaa sana kwa hadithi ya namna hiyo. Huja polepole, hula mwili kutoka ndani, na humpata mtu aliye katika umri wa kulea na kutafuta, ambaye hakupaswa kufa kabla ya wazazi wake. Mzazi aliyebaki hai, mzee, macho mekundu, hujikuta na misiba miwili: kumwuguza mwanawe, na kutazamwa na watu kama ndiye anayemla.

Dola imejaribu mara nyingi kuingilia kati. Waingereza walitunga sheria ya uchawi mwaka 1928. Katikati ya miaka ya 1970 mauaji yalipozidi, polisi walikamata watu wengi Shinyanga na Mwanza ili kuwapata wauaji. Baadhi ya watuhumiwa waliteswa wakafia mikononi mwa dola. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu akibeba dhamana ya mambo ambayo hakuyatenda yeye. Tunapenda kulisimulia tukio hilo kama somo la uwajibikaji, na ni somo kweli. Lakini tunapomsifu waziri tunawasahau wanawake ambao vifo vyao ndivyo vilivyoanzisha yote. Mwanzoni mwa 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, safari hii kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Binti wa mama mkubwa alikuwa ameanza matibabu wakati huo.

Kuna kifo kingine cha saratani ambacho Kishapu inakikumbuka. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Afrika. Mwaka 1947 almasi ya waridi kutoka mgodi wake ilikwenda kuwa zawadi ya harusi ya Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia. Januari 1958 Williamson alifariki kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Ardhi ni ileile, ugonjwa ni uleule wa kula mwili kutoka ndani, lakini hakuna bibi aliyeulizwa alikuwa wapi usiku. Ugonjwa wake ulikuwa na jina, na jina lilitolewa na daktari.

Hapo ndipo nilipolielewa swali la karatasi.

Karatasi ilipatikana Bugando, hospitali ya kilimani jijini Mwanza iliyofunguliwa mwaka 1971. Walikata kipande kidogo cha nyama, wakakipima, wakaandika. Mionzi ilibidi kuifuata Dar es Salaam, mwendo wa kilomita karibu elfu moja, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1897 kutibu Wazungu. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Matibabu ya saratani yalikuwa bure kisera, lakini basi halikuwa bure, wala chumba, wala wali wa mchana. Mama mkubwa aliuza ng'ombe wanne. Kwa wiki kadhaa alimsindikiza binti yake kila asubuhi, akikaa kwenye benchi karibu na bahari ambayo hakuwahi kuiona kabla. Nilimwuliza anaionaje. Akasema, "Maji mengi, na hayanyweki."

Ile karatasi ya Bugando aliifunga kwenye pindo la khanga.

Binti alifariki mwaka 2016. Siku ya tatu ya msiba, mzee mmoja wa upande wa mume alisema, kwa sauti ya kutafuta wa kumsikia, kwamba mtu mzima haozi tumbo bila mkono wa mtu. Watu wakatazama chini. Mama mkubwa akafungua pindo la khanga, akanipa karatasi. "Soma, mwanangu. Kwa nguvu."

Nikasoma, jina la marehemu, tarehe, na jina la ugonjwa. Nikaeleza kwamba unasababishwa na virusi viitwavyo HPV, jambo lililogunduliwa na Mjerumani Harald zur Hausen mwaka 1983 na kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 2008. Nilikuwa natetemeka. Sijui nani alinielewa. Yule mzee hakusema tena.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema. Hawakusema kwamba mzazi atalazimika kuuthibitisha kwa muhuri wa hospitali, mbele ya waombolezaji, kabla hajaruhusiwa kulia.

Aprili 2018 chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Mjukuu mkubwa wa mama mkubwa, anayelelewa naye Kishapu sasa, alikuwa na umri huohuo. Alichanjwa shuleni, akarudi na kadi. Bibi yake aliipokea, akaigeuza pande zote mbili, ingawa hajui kusoma. Kisha akaikunja na kuifunga kwenye pindo la khanga, akarudi jikoni kupuliza moto.