Mbwa Aitikaye: Vikaragosi, Ngano na Hamu ya Kale katika The StoryTeller

1. Utangulizi

Kila mwalimu wa fasihi simulizi huwaeleza wanafunzi wake kwamba ngano ina pande mbili: fanani na hadhira. Lakini ngano inapohamishiwa kitabuni, upande wa pili ndio hupotea kwanza. Makala haya yanaichunguza historia ya upotevu huo kupitia mfano ulio mbali na mwambao wetu, yaani msururu wa televisheni uitwao The StoryTeller. Ulibuniwa na Mmarekani Jim Henson na kutengenezwa Uingereza, na kipindi chake cha kwanza kilirushwa na NBC nchini Marekani tarehe 31 Januari 1987. Hoja ya makala ni kwamba hamu ya kale iliyomo katika msururu huu si hamu ya ngano zenyewe, kwa kuwa hizo zilikuwa zimekwisha kuhifadhiwa vitabuni kwa zaidi ya karne moja. Ni hamu ya uitikiaji. Hoja hiyo inatuhusu sisi tunaokusanya na kuchambua ngano za Kiswahili.

2. Chimbuko na umbo la msururu

Wazo la msururu linahusishwa na Lisa Henson, binti yake Jim, aliyesoma masuala ya ngano na mapokeo katika Chuo Kikuu cha Harvard. Miswada iliandikwa na Anthony Minghella, ambaye baadaye alitunukiwa Oscar kwa kuongoza filamu ya The English Patient. Vipindi vilikuwa 9, kila kimoja kikichukua chini ya nusu saa. Vingi vilitokana na mkusanyo wa ndugu Jacob na Wilhelm Grimm wa Ujerumani, ingawa The Heartless Giant kina asili ya Norwei na The Soldier and Death kina asili ya Urusi. Mwigizaji John Hurt, akiwa amebandikwa pua na masikio makubwa, aliketi kando ya moto akisimulia, na mbwa wake miguuni.

Mbwa huyo alikuwa kikaragosi. Alichezeshwa na kupewa sauti na Brian Henson, mwanawe Jim. Viumbe wengine wasio binadamu walitengenezwa katika karakana ya Henson jijini London, iliyokuwa imepata uzoefu katika filamu za The Dark Crystal (1982) na Labyrinth (1986). Neno letu kikaragosi lenyewe huhusishwa na Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambaye umaarufu wake ulienea katika nchi zilizotawaliwa na Waosmani. Karagöz hachezi peke yake: uchekeshaji wake hutegemea majibizano na mwenzake Hacivat. Kwa hiyo, neno hilo limebeba kumbukumbu ya sanaa ambayo msingi wake ni sauti mbili. Sifa hiyo itatufaa tutakapomrejea mbwa.

3. Moto wa nani?

Utangulizi wa kila kipindi humrejesha mtazamaji katika zama ambazo watu walijieleza kwa hadithi, na mahali bora kando ya moto paliwekwa kwa ajili ya msimulizi. Picha hiyo inavutia, lakini kihistoria inahitaji tahadhari. Ndugu Grimm walipotoa juzuu zao za kwanza mwaka 1812 na 1815, hawakuwa wamezipata ngano zote vijijini. Baadhi ya watoa taarifa wao walikuwa mabinti wasomi wa familia za tabaka la kati, kama ile ya Hassenpflug mjini Kassel, yenye nasaba ya Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Dorothea Viehmann, ambaye ndugu hao walimtambulisha kama mkulima, alikuwa mke wa fundi cherehani na alikulia katika nyumba ya wageni ya wazazi wake. Picha yake iliyochorwa na Ludwig Emil Grimm iliwekwa katika toleo la 1819, na ikawa sura rasmi ya mtambaji wa Kijerumani.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, hamu ya kale haikuanza na televisheni. Ndugu Grimm nao walidai kwamba walikuwa wakiokoa masalia ya mapokeo yaliyokuwa yakitoweka. Kila kizazi cha wakusanyaji huuona moto wa kizazi kilichotangulia kuwa ndio wa mwisho. Pili, wanawake waliozisimulia ngano hizo mbele ya Grimm hawaonekani tena kando ya moto wa Henson, kwani kiti chao kimekaliwa na mzee mwanamume. Kwa msomaji aliyekulia mwambao, ambako utambaji wa nyumbani kwa kiasi kikubwa ulikuwa kazi ya akina bibi, badiliko hilo si dogo.

4. Mbwa kama hadhira

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kitabu cha Grimm hakina na msururu huu unalo. Mbwa hanyamazi. Huuliza, hutilia shaka, huogopa, hukumbusha lililosahauliwa na hulalamika hadithi inapokatizwa. Wakati mwingine msimulizi hulazimika kufafanua au kurudi nyuma kwa sababu yake. Kwa istilahi zetu, yeye ndiye hadhira tendi.

Televisheni ilihitaji kiumbe huyo kwa sababu ya ulemavu wake wa kimsingi. Walter Ong, katika Orality and Literacy (1982), alieleza kwamba redio na televisheni zimeleta usimulizi wa pili, unaofanana na ule wa awali lakini unaotegemea maandishi. Makala haya yanaongeza kwamba kwa mtazamaji wa mwaka 1987 tofauti kubwa zaidi ilikuwa ukimya wake mwenyewe: akisema "Pakawa!" mbele ya kioo, hakuna wa kumsikia. Henson na Minghella walimtengeneza mwitikiaji kwa kitambaa na manyoya ili aseme kwa niaba yake.

Kipindi cha A Story Short kinalithibitisha hilo kwa njia nyingine. Humo msimulizi mwenyewe ndiye mhusika mkuu. Anatakiwa kumsimulia mfalme hadithi kila siku kwa mwaka mzima, na asipoweza, atachemshwa kwenye mafuta. Siku ya mwisho anakosa hadithi. Mwombaji wa ajabu anamshinda katika mchezo wa kamari na kumgeuza sungura, na masaibu hayo ndiyo yanayokuwa hadithi anayoipeleka kwa mfalme. Msikilizaji hapa ana mamlaka ya uhai na kifo juu ya msimulizi, na ngano huzaliwa kutokana na dai lake.

Uhuru wa kutamba unaonekana pia katika Hans My Hedgehog, kipindi cha kwanza, kilichopata tuzo ya Emmy. Katika Grimm, ngozi ya nungunungu inachomwa na watu wanne kwa maelekezo ya Hans mwenyewe. Katika televisheni, mkewe ndiye anayevunja ahadi na kuichoma. Hans anatoweka, naye anamtafuta hadi anamaliza jozi tatu za viatu vya chuma. Minghella ameunganisha ngano hii na ngano nyingine za mke anayemtafuta mume mwenye umbo la mnyama, kama afanyavyo fanani yeyote mahiri. Kuuita upotoshaji ni kuipima ngano kwa mizani ya kitabu.

5. Funzo kwa ukusanyaji wa ngano za Kiswahili

Edward Steere alichapisha mkusanyo wake wa ngano za Zanzibar mwaka 1870. Katika dibaji yake alibainisha kwamba ngano za wenyeji huwa na kiitikio ambacho wote hushiriki kukiimba. Alilijua jambo hilo, lakini kurasa zake kwa sehemu kubwa zinatupatia sauti moja. Ruth Finnegan alisisitiza mwaka 1970 kwamba fasihi simulizi haiwezi kueleweka nje ya utendaji na hadhira yake. Tumelinukuu sisitizo hilo katika tasnifu zetu, kisha tukaendelea kunukuu ngano kwa mtindo uleule wa Steere.

Mwandishi wa makala haya hana mamlaka ya kuwalaumu wengine. Alipokuwa akikusanya data ya tasnifu yake, alimrekodi bibi mmoja akiwatambia wajukuu. Kwa kuwa alichunguza muundo wa sentensi, alifuta kila itikio na kila swali ili apate matini safi. Miaka mingi baadaye, mwanafunzi aliyeisoma matini hiyo alimwuliza kwa nini fanani anaacha kisa ghafla na kueleza kwa kirefu chakula alichokula mtoto wa mwisho. Jibu lilikuwa katika kanda: mjukuu alikuwa ameuliza mtoto yule alikula nini. Kilichoonekana kuwa udhaifu wa fanani kilikuwa adabu yake kwa msikilizaji. Kanda hiyo ilikuwa imekwisha kuharibika, na swali la mjukuu limebaki katika kumbukumbu ya mwandishi tu.

6. Hitimisho

Watengenezaji wa kipindi cha burudani walitambua kwamba ngano isiyo na mwitikiaji haijakamilika, wakagharimia kikaragosi kuijaza nafasi hiyo. Sisi tulikuwa na waitikiaji halisi, tukawafuta. Inapendekezwa basi kwamba matini za ngano zitakazochapishwa zioneshe maitikio, maswali, vicheko na ukimya wa hadhira katika mistari yake, kila msikilizaji akipewa alama yake kama fanani anavyopewa. Wenye kanda za zamani wazisikilize upya kwa lengo hilo wakati bado zinasikika.