Wasiwasi Una Tarehe

Neno wasiwasi tulilitoa kwa Kiarabu, na limo kwenye sura ya mwisho ya Kurani: mnong'ono wa shetani kifuani. Ndiyo maana mwanaume Mwislamu wa Eastleigh akisema halali, ati moyo unamwenda mbio kila gari la polisi likipita, ataambiwa azidishe dua. Sikatai dua. Lakini zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na nafsi, na wasiwasi akauweka kati ya maradhi yanayotibika. Na maradhi huwa yana chanzo.

Februari 1984, Wajir. Wanajeshi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka kiwanja cha ndege cha Wagalla. Walivuliwa nguo, wakalazwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengine walipigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilikadiria karibu 1,000. Sheria za hali ya hatari zilizowekwa kule tangu Desemba 1963 hazikuondolewa hadi 1991. Sasa aliyenusurika angemlilia nani? Kituo cha polisi? Alinyamaza, akaoa, akalea.

Mwaka wa 1989, Wasomali Wakenya waliamriwa kuthibitisha uraia wao, wakapewa kadi za rangi ya waridi. Aprili 2014 ikaja Usalama Watch: karibu watu 4,000 walikamatwa, wengi wao Eastleigh, na mamia wakafungiwa Kasarani, uwanja ambao sisi wengine tunaujua kwa mechi.

Utaniuliza, hiyo ni dini au kabila? Waislamu ni kama asilimia 11 ya Wakenya kwa sensa ya 2019, na Msomali hubeba yote mawili kwa mpigo. Askari anayemsimamisha hamuulizi ni lipi.

Kijana aliyezaliwa Eastleigh 1999 hakuwa Wagalla. Lakini kabla ya kutoka nyumbani, hata kama anaenda dukani tu kununua maziwa, anapapasa mfuko kwanza kuhakikisha kitambulisho kipo. Alimwona babake akifanya hivyo. Kwa nini, mzee hakuwahi kumwambia.