Hewa Bila Mafuta

Injini ya petroli hula vitu viwili, hewa na mafuta, na hula kwa kipimo. Kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kipimo hicho ndicho mzizi wa maneno yote nitakayoyaandika hapa. Msomaji anayeona kwamba mambo ya magari ni ya vijana wa gereji namwomba avumilie kidogo, kwani historia ya kifaa kimoja cha chuma yaweza kutufundisha jinsi binadamu tunavyopenda kuongeza kitu kimoja na kumsahau ndugu yake.

Kifaa chenyewe ni tabochaja, au tabo kama waitavyo mafundi. Baba yake ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyeomba hataza yake mwaka 1905. Büchi aliona kwamba moshi wa injini unapotoka huondoka na nguvu nyingi zinazopotea bure. Akawaza kuweka pangaboi dogo katika njia ya moshi ili lizungushwe na moshi huo, nalo lizungushe jingine la kusukumia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa, na injini ileile ikatoa nguvu kubwa kuliko ukubwa wake.

Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliipandisha injini ya ndege yenye tabo hadi kileleni mwa mlima Pikes Peak, Colorado, kimo cha mita 4,300 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 350 bondeni ilishuka hadi 230 kileleni. Tabo ilipofanya kazi, ikapanda hadi 356. Hapo injini ilirudishiwa tu hewa iliyoikosa, na mafuta iliyopewa yalikuwa yale yale iliyozoea bondeni. Taabu zilianza watu walipotaka kuipa injini hewa nyingi kuliko ile iliyozaliwa nayo.

Magari ya kwanza ya abiria yenye tabo yalitoka Marekani mwaka 1962. Mawili yalikuwa ya kampuni ya General Motors: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza Spyder. Yote mawili yalitumia kabureta. Kabureta ni chombo cha heshima, lakini hakina akili: hunyunyiza mafuta kwa mvuto wa hewa inayopita, basi. Waliotengeneza Jetfire walijua hatari ya hewa nyingi yenye joto, hivyo wakaweka kitanki cha maji yaliyochanganywa na methanoli ili kuipoza. Kitanki kikikauka, vali maalumu ilipunguza msukumo wa tabo. Wenye magari wengi hawakujali kukijaza, kisha wakalalamika kwamba gari halina nguvu. Mwaka 1963 utengenezaji ukakoma, na baadaye magari mengi yakaondolewa tabo na kurudishiwa kabureta ya kawaida.

Kwa nini hewa nyingi iwe hatari? Hewa ikishindiliwa hupata joto. Ikikosa mafuta ya kutosha, mchanganyiko huo huweza kulipuka wenyewe mahali pasipotakiwa, kabla moto wa plagi haujafika. Mlipuko huo hugonga pistoni kama nyundo. Pistoni huyeyuka au hutoboka, na injini inakwisha kazi. Kwa sababu hiyo injini ya tabo inaposukumwa hupewa mafuta kuzidi kile kipimo cha 14.7, mara nyingi hushushwa hadi sehemu 12 za hewa, au pungufu, kwa sehemu moja ya petroli. Petroli ya ziada huvukiza na kupoza silinda. Anayeona huo ni ubadhirifu hajawahi kulipia injini.

Dawa ililetwa polepole na wahandisi wa mafuta na umeme. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa D-Jetronic mwaka 1967, iliyopulizia petroli kwa nozeli zinazoamriwa na umeme. Mwaka 1973 ikafuata K-Jetronic, iliyopima hewa kwa bamba linaloinuliwa na upepo wenyewe. Porsche 911 Turbo na Saab 99 Turbo zilitumia mtambo huo. Mwaka 1979 ikaja Motronic, iliyounganisha mafuta na moto wa plagi chini ya kompyuta moja, ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Kisha Saab wakaweka sensa inayosikiliza ile milio ya kugonga ndani ya injini. Ikisikia hatari, kompyuta hupunguza msukumo wa tabo. Hapo ndipo tabo ilipopata mlezi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliiona kazi hiyo kwa macho yetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka thelathini yalishindwa na magari yasiyo na tabo, kwa kuwa vumbi, matope na joto la nchi yetu havina huruma kwa chombo chenye mambo mengi. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden alishinda kwa Toyota Celica yenye tabo, na Toyota ikarudia mwaka 1985 na 1986. Mwaka 1994 Ian Duncan wa Kenya alishinda kwa Celica ya tabo, na mwaka 1997 Colin McRae wa Scotland akashinda kwa Subaru Impreza. Kijana gani aliyeliona lile gari la rangi ya buluu likichana vumbi hakulitamani? Magari ya namna hiyo yaliyokwishatumika Japani yalipoanza kushushwa bandarini kwetu, tamaa ikapata mlango.

Jirani yetu mmoja, kijana dereva wa kukodi, aliifunga Subaru yake tabo kubwa. Pampu ya mafuta ilibaki ileile, na nozeli zilezile. Kontroli boksi haikuguswa. Siku chache baadaye injini ilinoki akiwa na abiria, na mkopo aliokopea gari bado alikuwa akiulipa. Fundi aliyemfungia alisema petroli ilikuwa mbaya. Pengine hata petroli ilichangia, kwa maana ile ya daraja la juu iuzwayo Japani ina okteni 100 hivi, na yetu kwa kawaida haifiki hapo. Lakini hesabu yenyewe ilikwishamhukumu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda ina sehemu 20 za elfu za sekunde kumaliza mzunguko wake wote. Nozeli haiwezi kufunguka zaidi ya muda huo hata ikiamriwa. Na anayetarajia kupandisha presha ya mafuta tu ajue kwamba ili mafuta yatoke maradufu katika nozeli ileile, presha yapasa kuwa mara nne. Pampu ndogo itaitoa wapi?

Mimi nilikuwa mwalimu, na baadaye nikafundisha walimu chuoni, kwa hiyo habari hii hunikumbusha jambo jingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Lilikuwa agizo jema, na wapo wazee leo wanaosoma gazeti kwa sababu yake. Lakini watoto waliingia kwa kasi kuliko walimu, madawati na vitabu. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini huku wakifundisha. Walijitahidi mno, na baadhi yao nilikutana nao chuoni walipokuja kujiendeleza. Walinieleza habari za madarasa ya watoto mia na kitabu kimoja. Hewa ilikuwa nyingi, mafuta hayakutosha, na aliyeungua ni yule mwalimu kijana.

Mwaka jana mjukuu wangu alikuja na hesabu zake. "Babu," akasema, "tabo kubwa nimeipata kwa bei nzuri. Nimepungukiwa kidogo." Alikuwa ameweka akiba ya misimu miwili ya mahindi. Nilimuuliza kuhusu pampu, akanyamaza. Tukakaa na karatasi, tukaandika mpangilio: kwanza injini ipimwe kama ni nzima, kisha pampu, kisha nozeli, kisha sensa inayoweza kupima msukumo mpya, maana sensa ikifika mwisho wa kipimo chake huwa kipofu, kisha kontroli boksi ipangwe upya na fundi mwenye kifaa cha kupima mchanganyiko katika ekzosi. Tabo ikawa ya mwisho kwenye orodha.

"Sasa babu, hapo si nitatumia fedha zote na gari liwe na mwendo uleule?"

Nikamwambia ndiyo, kwa muda. Nilimpa fedha za pampu na nozeli. Za tabo sikumpa. Hakufurahi, na sikutegemea afurahi, kwa kuwa hakuna kijana anayejivunia pampu mbele ya wenzake. Haionekani wala haina mlio. Vitu viwili hivyo amekwisha kuvifunga, na sasa anaweka akiba ya fundi wa kompyuta. Injini yake ni nzima, na kila Jumapili humleta mama yake kanisani kwa gari hilo.