Kisima Mlangoni: Alfajiri ya Mombasa ya Kale

Ari ya kuamka mapema haidumu kwa nia ya mtu peke yake. Hudumu pale mji unapoitengenezea njia. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni kisima cha kina kifupi, chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa kuchotea maji, na mkeka mnene wa kupangusia miguu. Watu walitembea pekupeku, hivyo kila aliyeingia aliosha miguu kwanza. Aliyefika alfajiri na usingizi machoni hakuhitaji kujiuliza aanzie wapi: adhana imemwita, maji yapo, majirani wanapanga safu.

Atasema mtu kwamba kilichowaamsha ni imani, wala si kisima. Ni kweli, imani ndiyo iliyotoa sababu. Lakini waumini haohao ndio waliochimba kisima, kwani binadamu huchoka, na hatua ya kwanza ndiyo nzito. Na mahali palipoandaliwa huweza kudumu: Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, unaswaliwa hadi leo. Anayetaka desturi ya asubuhi idumu, aandae kwanza mahali na wenzake. Nia itapata pa kuegemea.